Kiti cha Abdala na Bisibisi Yangu

Kabla hamjanicheka, nyie vijana mnaojifunza ufundi kwa kutazama simu, njooni kwanza muutazame mguu wangu wa kushoto. Umepinda kidogo chini ya goti, una chuma ndani, na mvua ikikaribia Nachingwea mimi huijua kabla redio haijasema. Mguu huo ndio cheti changu. Vyeti vingine nilivyokuwa navyo vililiwa na mchwa zamani sana.

Jina langu ni Ismaili, lakini kwa zaidi ya miaka arobaini, kutoka Nachingwea mpaka Ruangwa na vijiji vyake, watu waliniita Fundi Shoti. Nililipenda jina hilo. Lilitokana na bisibisi yangu moja ndefu yenye mpini mwekundu. Trekta likigoma kuwaka kwa ufunguo, wanamwita Fundi Shoti, naye anakuja, hafungui kitu wala haulizi maswali. Anasimama chini, ubavuni mwa trekta, anaigusisha bisibisi kwenye boliti mbili za starta, cheche zinaruka, mtambo unanguruma, watu wanapiga makofi. Wenye matrekta walikuwa wakisema huyu bwana ana mkono, na mimi nikaamini kwamba ninao.

Leo nimestaafu, bisibisi ile nimeitundika ukutani, na Zainabu mke wangu huniuliza kwa nini tunatundika takataka mahali ambapo wenzetu wanatundika kalenda. Nataka niwaambie mkono ule ulinifikisha wapi, na ulimfikisha wapi mtu mwingine ambaye hakuwa na kosa. Mtu huyo anaitwa Abdala, na nusura nimpotezee riziki yake kabisa kwa kunyamaza tu.

Lakini nianze na aliyenifundisha, maana sitaki mseme Mzee Akida ndiye aliyeniharibu. Niliingia kwenye karakana yake hapa Nachingwea nikiwa sina ndevu. Yeye ufundi aliupatia kwenye matrekta ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, ambao vyuma vyake hata leo ukichimba choo unaweza kukutana navyo. Alikuwa mtu wa maneno machache na makofi mengi. Siku ya kwanza alinipa kazi ya kuosha vichwa vya betri kwa maji ya moto na magadi. Siku ya pili vilevile. Wiki ya tatu nikamwuliza, "Mzee, umeme nitajifunza lini?" Akanijibu, "Huo ndio umeme."

Nilidhani ananitania. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba matrekta mengi yanayogoma kuwaka hayana ubaya wa betri wala wa starta. Yana uchafu. Waya wa hasi umeshikwa na kutu pale unapofungwa kwenye mwili wa trekta, umeme unafika pale unachoka. Ukitaka kujua ni wapi, jaribu kuwasha, kisha uzime kila kitu na uguse viungo vya waya kimoja kimoja. Kile chenye joto ndicho kinachokuibia. Hilo nawapa bure, mimi nilililipia kwa makofi.

Mzee Akida alinikataza pia kuvaa chuma chochote mkononi. Mimi nilikuwa nimeoa mwezi uleule, nina pete ya fedha, naionyesha hata kwa mbuzi. Siku moja nikafungua betri na pete kidoleni, tena nikaanza na waya wa chanya, kwa haraka ya kwenda kula. Spana ikiwa juu ya chanya, pete ikabanwa kati ya spana na mwili wa trekta. Watu huidharau betri ya trekta kwa sababu haikurushi kama umeme wa nyumbani. Haikurushi, ni kweli, lakini ina nguvu ya kuyeyusha chuma, na pete yangu iligeuka nyekundu nikiwa nimeivaa. Mzee Akida alinitumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji, akaikata pete kwa koleo, halafu ndipo akanizaba kofi. "Sasa umeanza shule," akasema.

Nilirudi nyumbani na kidole kimefungwa na pete vipande viwili. Zainabu aliviweka kiganjani akavitazama. "Ndoa haijamaliza mwezi umeshaiunguza," akaniambia. "Na mimi nitadumu?" Amedumu, alhamdulillahi. Na tangu siku ile, betri yangu waya wa hasi unatoka wa kwanza na unarudi wa mwisho, hata nikiwa na njaa.

Mzee Akida hakuwahi kupiga starta shoti kwa bisibisi. Alikuwa anatafuta waya uliokatika hata kwa siku mbili. Alipofariki, na spea zikawa ngumu kupatikana, nikajifanya mjanja kuliko yeye.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye mzizi. Mimi niliwafundisha madereva wa huku masomo mawili. La kwanza ni hilo la shoti. Swichi ya ufunguo hufa kwa vumbi. Halafu kuna swichi nyingine ndogo, imejificha kwenye gia, kazi yake ni kuzuia starta isizunguke kama gia imeingia. Hiyo nayo hufa. Spea inatoka Dar kwa basi, huenda ikafika na huenda ikafika isiyo yenyewe, na msimu wa ufuta haumngojei mtu. Bisibisi inaziruka swichi zote mbili. Nikawaonyesha wapi pa kugusa, na wengine nikawapa na bisibisi.

Somo la pili ni la kuegesha. Hendibreki za matrekta mengi ya huku ni pambo, na mashamba yetu yana miteremko. Basi nikawaambia, ukimaliza kazi zima mtambo, kisha liache trekta ndani ya gia, halitateremka. Nalo ni somo zuri, trekta halikuteremka kweli.

Kila somo peke yake lilimsaidia mtu. Niliyafundisha kwa watu walewale, pengine siku ileile, na miaka yote hiyo sikuwahi kuyaweka pamoja nikayatazama. Trekta lililoachwa ndani ya gia, likipigwa shoti na mtu aliyesimama chini, haliwaki tu. Linaondoka, na gurudumu lake la nyuma liko hatua moja kutoka alipo huyo mtu.

Asubuhi hiyo nilipigiwa simu na Bi Somoe wa Malolo. Bi Somoe ni mkulima wa ufuta na korosho, mama mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili, na trekta lake alilinunua kwa jasho lake mwenyewe. Ufunguo ulikuwa umegoma, mvua zimeshaanza, nusu ya shamba imelimwa jana na nusu inangoja. Nikachukua bodaboda mpaka Malolo. Kulikuwa na mteja mwingine ananisubiri Ruangwa mjini, kwa hiyo nilifika nikiwa na haraka, na mtu mwenye haraka huwa ana kiburi pia.

Trekta lilikuwa limesimama shambani kwenye mteremko, jembe la sahani nyuma limeshushwa ardhini. Dereva alikuwa Abdala, mtu wa miaka thelathini na kitu, mke na watoto wawili, mpole, anayependa kulifuta vumbi trekta lile kila jioni. Kwenye shamba la jirani Mzee Masanja alikuwa analima na ng'ombe wake. Masanja ni Msukuma, alihamia huku na familia yake na mifugo miaka michache iliyopita, na mimi kila nikipita nilikuwa namtania.

"Masanja! Hao ng'ombe wako utawatia dizeli lini?"

"Wanakula majani, Fundi," akanijibu. "Lako likila majani nitalinunua."

Nikacheka, nikatoa bisibisi. Abdala akasogea. "Fundi, ngoja nipande juu kwanza nitazame."

"Utazame nini? Matrekta nimeanza kuyawasha wewe hujazaliwa. Kalete maji ya rejeta."

Yashikeni maneno hayo, maana niliyaficha kwa miezi. Abdala alichukua ndoo akaenda. Mimi nikasimama upande wa kulia wa trekta, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, nikainama, nikagusisha. Cheche zikaruka kama kawaida. Mtambo ukanguruma kama kawaida. Nikaanza kutabasamu.

Tairi la nyuma likiwa limesimama ni kitu cha kuegemea wakati wa kula muhogo. Likija kwako ni ukuta wa nyumba. Lilinishika mguu wa kushoto, likaniangusha kwenye mfereji wa jembe la jana, likanipanda. Nilisikia mfupa kabla sijasikia maumivu. Udongo uliolimwa jana ndio ulionisaidia, kwa sababu mguu ulizama badala ya kupondeka wote. Lakini tairi lilipopita nikakumbuka kilichokuwa kinafuata nyuma yake. Jembe. Sahani zilikuwa zinakuja huku zinafukua udongo, polepole kabisa, na mimi sikuweza hata kujiviringisha.

Kisha mtambo ukazimika. Abdala alikuwa ametupa ndoo, akakimbia, akaparamia trekta kwa upande wa pili, akavuta stopa ya kuzimia mtambo. Nilipofumbua macho, kofia yangu ilikuwa chini ya sahani ya kwanza. Kichwa changu kilikuwa pembeni ya kofia.

Mzee Masanja alifika akipiga kelele, "Msimvute! Msimvute!" Akavunja miti miwili iliyonyooka, akaipanga huku na huku ya mguu, akaifunga kwa khanga ya Bi Somoe, aliyekuwa amekuja mbio na majirani. Gari lisingefika shambani kwa matope, kwa hiyo akafungua jembe, akafunga mkokoteni wake, na Fundi Shoti akapelekwa barabarani na ng'ombe wasiotumia dizeli.

Kabla hawajanipakia, Bi Somoe aliuliza kwa ile sauti yake, "Nani aliacha trekta ndani ya gia?"

"Mimi, Bi mkubwa," Abdala akasema. Alinitazama. Watu wote walikuwa wamesimama pale, wameshika viuno. Mimi nikafumba macho. Mtu anaweza kusema nilikuwa na maumivu, na nilikuwa nayo, lakini niliyafumba kwa sababu nyingine.

Hospitalini walinitia chuma, wakanifunga hogo jeupe la plasta kutoka chini ya goti mpaka kwenye vidole, na daktari akaniambia bila kuzunguka kwamba mguu umebaki, ila goti huenda lisikunje tena. Wiki ya pili Bi Somoe alikuja kunitazama, amebeba ugali na kuku wa kienyeji. Akakaa, akanipa pole, akasema, "Yule nimemfukuza. Kidogo akuue. Malolo nzima wanasema asishike trekta la mtu tena."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Chumba kilikuwa kimya, mdomo wangu ulikuwa mzima. Nikasema asante kwa kuku.

Wale mnaofikiri kupona ni kulala, sikilizeni. Mfupa ulipona wenyewe, lakini goti nililipigania. Muuguzi alinifundisha kufunga dumu dogo la mchanga kwenye kifundo cha mguu, juu ya hogo, niketi ukingoni mwa kitanda, nilinyanyue na kulishusha asubuhi na jioni. Ndugu zangu walitaka kuniletea mtu wa kuukanda. Daktari akakataa mpaka mfupa ushike, nami nawaambia msikilizeni daktari, mkono wa kukanda mapema unaweza kuupindisha mfupa uliokuwa unanyooka. Nililia kwenye mazoezi yale. Siwafichi. Zainabu alikuwa anakaa mbele yangu akichambua mboga, na nikiacha kabla ya kumaliza, anasema tu, "Bado," bila kuinua macho.

Kitu ambacho hawakuniambia ni sauti. Niliporuhusiwa kurudi nyumbani, jirani yetu alikuwa na gari bovu. Kila alipolizungusha starta asubuhi, "ng'wee, ng'wee, ng'wee," jasho lilinitoka nikiwa kitandani, na mguu unajivuta wenyewe kujificha. Fundi wa starta anayeogopa starta! Nilipomwambia Zainabu alicheka mpaka akashika mlango, kisha akaja akakaa karibu nami mpaka gari likaondoka.

Mzee Masanja alikuja kuniona na chupa ya maziwa mgando. Alizungumza habari za mvua, akanywa chai, halafu akaniuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Fundi, mimi siku ile sikuelewa jambo moja. Sisi tukimfunga ng'ombe jembe, kwanza mtu anashika kichwa. Kabla ya kamba, kabla ya nira, mtu yuko kichwani. Sasa lile lenu, nani alikuwa ameshika kichwa?"

"Trekta halina kichwa, Masanja."

"Lina kiti."

Akaendelea, "Mimi niliona yule Abdala anataka kupanda, halafu akaondoka na ndoo. Nikasema labda matrekta ni tofauti." Akamaliza chai yake, akaniombea dua, akaenda zake. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Jioni ile nilimwambia Zainabu kila kitu. Kwamba gia niliagiza mimi iachwe, miaka mingi iliyopita, na Abdala alifanya nilivyomfundisha. Kwamba alitaka kupanda nikamzuia. Kwamba alinitoa chini ya jembe, na mimi nimemwacha abebe mzigo wangu. Zainabu alisikiliza mpaka mwisho.

"Uliovunjika ni mguu," akasema. "Mdomo nao wamekufunga hogo?"

Nilipiga simu ya Abdala siku ileile. Haikupokelewa. Nikapiga tena kesho yake na keshokutwa. Nikaelewa kwamba maneno niliyowanyima watu waliosimama shambani hayawezi kupita kwenye simu. Itabidi niyapeleke kwa miguu, na nilikuwa na mguu mmoja. Kuanzia hapo mazoezi ya dumu sikuhitaji kusukumwa.

Hogo lilitolewa, nikapewa magongo mawili, baadaye moja. Korosho zilipoanza kudondoka nilipanda bodaboda, nikamwambia dereva aende polepole kama amebeba mayai, nikaenda Malolo. Bi Somoe alikuwa uani anaanika korosho. Trekta nililiona kwa mbali. Lilikuwa palepale liliposimama siku ile, majani yamelizunguka mpaka kwenye ekseli. Hakuruhusu mtu aliwashe. Nusu ya shamba iliyobaki alilimiwa na ng'ombe wa Masanja.

Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama na gongo langu, nikayasema yote. Bi Somoe alikuwa ameshika korosho mkononi, akawa anaigeuza geuza.

"Kwa hiyo nilimfukuza mtu aliyekuokoa," akasema.

"Ndiyo, Bi Somoe."

"Na wewe ukala kuku wangu."

"Nikala."

Aliitupa korosho ile kwenye nyingine, hata kuku wakageuka kutazama. Kisha akasema, "Basi kamlete. Na kabla hajafika, wewe utarudia maneno hayo hapa mbele ya watu waliokuwepo." Nikarudia. Nilirudia siku ya Ijumaa, watu wanatoka msikitini, kwa sauti, na kama mnadhani kupigwa na Mzee Akida kuliuma, mjaribu hilo.

Abdala nilimkuta Narung'ombe, kwenye shamba la mtu, anaokota korosho kwa kibarua. Aliniona, akaendelea kuokota. Nilimweleza nilivyosema na nilipoyasemea. Akajaza ndoo yake kwanza.

"Mtoto wangu shuleni wanamwita mtoto wa aliyemuua Fundi Shoti," akasema. "Na wewe hata hujafa."

"Nisamehe, Abdala."

"Nimekusamehe siku ileile, Mzee. Nilikuona ulivyokuwa na maumivu, nikasema atasema akipata nafuu." Akafuta mikono kwenye suruali. "Lakini kupanda trekta sipandi tena. Nikilala naota ile kofia."

Nilimwambia asipande, aje anishikie taa tu. Akaja.

Kazi ile ilituchukua siku mbili, na sijawahi kuifanya kazi kwa taratibu namna ile. Kwanza tuliweka magogo mawili mbele na nyuma ya kila gurudumu la nyuma. Kisha Abdala, kwa mkono wake kutoka upande wa pili bila kupanda, akatikisa gia mpaka ikatoka, ikawa nyutro, inayumba huku na huku haina inachoshika. Kisha tukatoa waya wa hasi. Ndipo nikalala chini. Nilisafisha viungo kwa maji ya moto na magadi, na nawaapia nilimsikia Mzee Akida akiguna. Swichi ya ufunguo tuliagiza mpya. Ile swichi ndogo ya kwenye gia niliifungua, ikawa imejaa matope ya miaka, nikaibadilisha. Halafu nikaongeza moja ya kwangu: swichi ya taa za breki ya gari lililokufa, nikaifunga kwenye pedali ya klachi, kwa hiyo starta haipati umeme mpaka mtu aikanyage klachi mpaka mwisho. Mtu aliye chini hawezi kukanyaga klachi. Lazima awe kitini. Mwisho nikakata kipande cha mpira wa tyubu ya lori, nikazifunika boliti mbili za starta na kukifunga kwa waya, ili bisibisi ya mtu mwenye haraka isipate pa kugusa. Haraka zipo kila msimu.

Nilifanya hivyohivyo baadaye kwenye matrekta mengine ambayo madereva wake niliwafundisha ujanja wangu, Matambarale, Ruangwa, hapa Nachingwea, nikienda na gongo na kipande cha tyubu begani. Wengine walinicheka. Mwenye trekta mmoja aliniambia, "Fundi Shoti umezeeka." Nikamwonyesha mguu, nikafunga mpira wangu, nikaondoka. Hakuna aliyekanyagwa mpaka leo ninapowasimulia, na nikilala nalala kweli.

Lakini turudi Malolo. Siku ya pili mchana kazi ilikwisha. Nikarudisha waya wa hasi, wa mwisho kama inavyotakiwa. Bi Somoe alikuja na Masanja akaja, na watu waliosikia wakaja. Nikamtazama Abdala. Abdala akatazama chini.

"Nilisema sipandi," akasema taratibu.

Basi nikampa gongo langu alishike, nikapanda mimi. Kupanda tu ilikuwa kazi, nilijivuta kwa mikono kama mtoto anayepanda kitanda cha wakubwa. Nikakaa. Nikatikisa gia, iko nyutro. Magogo yapo. Hakuna mtu mbele, hakuna nyuma, hakuna ubavuni. Nikaweka mguu wa kushoto kwenye klachi, nikakanyaga, nikageuza ufunguo.

Kimya.

"Limeharibika tena?" Bi Somoe akauliza.

"Halijaharibika," nikasema. Jasho lilikuwa linanitoka. "Linataka klachi ifike chini."

Goti lilikuwa limekwama nusu ya njia. Swichi yangu mwenyewe ilikuwa inanikatalia, na ilikuwa na haki. Nikaegemeza mgongo kwenye kiti, nikaweka viganja viwili juu ya goti, nikasukuma. Niliumia mpaka nikaona nyota mchana. Nikakumbuka Zainabu na mboga zake, anasema, "Bado." Nikasukuma tena. Pedali ikafika chini.

Nikageuza ufunguo. "Ng'wee," starta ikasema, na mwili wangu wote ukataka kuruka. Mtambo ukawaka. Nikafumba macho kungoja ile hatua ya kwanza ya gurudumu.

Haikuja. Nikaachia klachi polepole, nikafumbua macho, nikatazama tairi la nyuma upande wa kulia. Limetulia kwenye udongo, halijasogea hata upana wa kidole. Mtambo unanguruma na trekta limesimama. Mzee Masanja alinyanyua mkono kutoka pembeni, akacheka, akapaza sauti, "Leo kuna mtu kichwani!" Mimi nilikuwa nalia mbele za watu, sikujali, maana ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile kusikia starta na kubaki mahali pangu.

Nikahisi trekta linainama kidogo upande wa kushoto. Abdala alikuwa amepanda kwenye kidato cha kupandia, gongo langu mkononi. Alitazama gia, akatazama ufunguo, akafuta vumbi kwenye usukani kwa mkono wa shati kama alivyokuwa akifanya kila jioni. Kisha akaninyooshea gongo.

"Haya, Mzee, shuka," akasema. "Umekalia kiti changu."

Nikashuka.